Dawa za Vipele vya Ulimi Nilizozinunua kwa Miaka Miwili: Zilizonifaa na Nisizozirudia

Mwalimu wa Kiswahili hufanya kazi kwa ulimi. Sauti tunazowafundisha wanafunzi kuziita sauti za ufizi, yaani t, d, n, l, r, s na z, hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa au kuukaribia ufizi wa juu, na hakuna sentensi ya kawaida inayozikosa. Kwa hiyo kipele chekundu kisichozidi punje ya ulezi kikitokea kwenye ncha hiyo, kila neno ninalolitamka mbele ya darasa hukigonga, na ikifika saa nne asubuhi ninatamani kuwapa wanafunzi zoezi la kimya hadi kengele ilie. Nimeishi na vipele hivyo, pamoja na vidonda vidogo vinavyofanana navyo, kwa karibu miaka miwili hapa Tanga, na katika muda huo nimenunua karibu kila kitu ambacho maduka ya dawa ya Ngamiani huuza kwa ajili ya kinywa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu aliyesimama leo mbele ya kaunta ya duka la dawa, ulimi unamwaka moto, naye hajui aombe nini.

Sikuzipima dawa hizi kama mtaalamu wa maabara. Nilichotaka kujua ni iwapo dawa inanipunguzia maumivu kiasi cha kuweza kufundisha, iwapo inafupisha siku za kuugua, na iwapo kasha na karatasi iliyomo ndani yake vinamweleza mnunuzi waziwazi kuwa dawa hiyo ni ya tatizo gani. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu fedha nyingi, kwa sababu makasha mengi yameandikwa tu kuwa dawa ni ya vidonda vya kinywa, ilhali mambo yanayouma juu ya ulimi ni ya namna mbalimbali na kila moja lina tiba yake. Sitaweza kuzieleza dawa bila kuyaeleza kwanza mambo hayo.

Uso wa ulimi umejaa vinundu vidogo ambavyo wataalamu huviita papila. Vilivyo vingi zaidi ni vyembamba kama nyuzi, ndivyo vinavyoufanya ulimi ukwaruze, na havina kazi ya kuonja. Katikati yake, hasa kwenye ncha na kandokando, kuna vingine vya duara vyenye umbo la uyoga, ambavyo hubeba vionjio vya ladha. Hivi vya uyoga ndivyo vinavyovimba ghafla, vikawa vyekundu au vyeupe, na kuuma kupita kiasi cha udogo wake. Mtu huamka na kimoja au viwili, na mara nyingi baada ya siku chache huwa vimekwisha hata asipotumia dawa yoyote. Huchochewa na chai ya moto, kujing'ata, jino lenye ukingo mkali, vyakula vikali au vichachu, na pengine uchovu na wasiwasi. Kwangu mimi uchachu ulikuwa na sehemu yake kubwa, kwa kuwa msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, nyumba yetu haikosi ndoo iliyojaa, na nilikuwa na mazoea ya kula manne au matano kwa mkupuo mmoja huku nikisahihisha madaftari.

Kidonda cha kawaida cha kinywa ni kitu kingine. Chenyewe kimechimbika, kina utando mweupe au wa manjano katikati na mzingo mwekundu pembeni, kwa kawaida hakifikii upana wa milimita 10, na hupona ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Vidonda vya namna hii vinaweza kumrudia mtu kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu vinatokana na upungufu wa madini ya chuma, folati au vitamini B12. Fangasi nao wana sura yao: utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ambao mara nyingi hufutika na kuacha wekundu chini yake, na ambao huwapata zaidi watoto wachanga, watu waliotoka kutumia antibiotiki, wanaovuta dawa za pumu zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), wanaovaa meno bandia, wenye kisukari, na wale ambao kinga yao imedhoofika. Niongeze jambo moja kwa sababu limemkosesha usingizi mwenzangu wa chumba cha walimu: ukiutoa ulimi nje sana mbele ya kioo utaona, nyuma kabisa, safu ya vinundu vikubwa 8 hadi 12 vilivyopangwa kama herufi V. Vile si ugonjwa. Kila mtu anavyo.

Mimi nilikuwa na vipele na vidonda vyote viwili, kwa nyakati tofauti, nikaviita kwa jina moja na kuvitibu kwa dawa moja. Dawa ya kwanza ilikuwa GV, ile dawa ya maji yenye rangi ya zambarau, kwa kuwa ndiyo niliyokua nikiiona nyumbani. Nilinunua kichupa kwa shilingi 1,000 kwenye duka la dawa muhimu la mtaani kwetu, nikachovya kijiti cha pamba na kupaka asubuhi kabla ya kwenda shule. Haikunipunguzia maumivu hata kidogo. Ilinipaka zambarau kwenye ulimi, midomo na kola ya blauzi, na kipele kikaondoka siku ya tatu, jambo ambalo nililihesabu kuwa ni kazi ya GV ingawa kingeondoka siku hiyohiyo bila kupakwa kitu. Ukweli ni kwamba GV ni dawa ya fangasi na baadhi ya bakteria. Kwa papila iliyovimba kwa sababu ya kuungua au kukwaruzwa haina la kufanya. Isitoshe, katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kuwatibu watoto, GV ya vidonda vya kinywa ni ile iliyopunguzwa makali hadi asilimia 0.25, ilhali kichupa changu kilikuwa na makali zaidi ya hapo na hakuna aliyenieleza kwamba rangi hiyo ikiwa kali inaweza yenyewe kuchubua utando wa kinywa. Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwashauri wananchi wake kuacha kutumia bidhaa zenye rangi hiyo, kutokana na uchunguzi kwa wanyama ulioonyesha uwezekano wa kusababisha saratani. Sisemi kwamba aliyepakwa GV utotoni aingiwe na hofu. Ninasema kwamba kwa vipele vya ulimi sioni sababu ya kuinunua, na kuna hasara yake nyingine, kubwa kuliko hizi, ambayo nitaieleza nitakapofika kwa daktari.

Baada ya GV niliuziwa jeli ya kutuliza maumivu, ile yenye kolini salisilati, katika tyubu ndogo yenye harufu nzuri. Hii ilifanya kazi kwa namna yake. Ukiipaka inauma kwa sekunde chache, kisha maumivu yanapungua, na nilipata muda wa kutosha kumaliza nusu ya kipindi kabla mate hayajaiosha. Kwa mtu anayetaka kula mlo mmoja kwa utulivu au kulala, jeli inastahili bei yake. Kwa mwalimu ambaye ncha ya ulimi wake haitulii, inaisha mdomoni kabla ya somo kuisha, na karatasi yake inakataza kuipaka kila baada ya muda mfupi. Haikufupisha siku za kuugua, wala haijidai kufanya hivyo. Kinachonifanya niseme juu yake kwa sauti ya juu zaidi ni watoto. Kolini salisilati ni ndugu wa aspirini, na tangu mwaka 2009 Uingereza imeelekeza jeli za namna hiyo zisitumiwe kwa walio chini ya umri wa miaka 16, kwa tahadhari dhidi ya ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hudhuru ini na ubongo. Jeli nyingine za ganzi hutumia benzokaini, ambayo mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni inavyopasa. Nimewaona akina mama wakimpaka mtoto anayeota meno jeli iliyonunuliwa kwa ajili ya baba yake, kwa mapenzi tu na bila kujua. Tafadhali, mama au dada unayesoma hapa, soma kiambato kilichoandikwa kwa herufi ndogo kabla ya kuitia mdomoni mwa mtoto.

Dawa niliyoitumia kwa muda mrefu zaidi ni ya kusukutua, yenye klorheksidini ya asilimia 0.2, niliyoinunua famasi kwa shilingi 8,000. Hii ni dawa hasa, tofauti na maji ya kunukisha kinywa, na tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu rafu moja huuza vyote viwili katika chupa zinazokaribiana kwa umbo na rangi. Kipimo chake kwa mtu mzima ni mililita 10, kusukutua kwa dakika moja na kutema, asubuhi na jioni. Klorheksidini huua bakteria na hung'ang'ania kwenye meno na utando wa kinywa kwa saa kadhaa, ndiyo maana mara mbili kwa siku zinatosha na hakuna faida ya kusukutua kila unapoumwa.

Kosa langu katika wiki ya kwanza lilikuwa kusukutua mara tu baada ya kupiga mswaki, nikidhani kinywa safi kitaipokea dawa vizuri zaidi. Sabuni inayoifanya dawa ya meno itoe povu huidhoofisha klorheksidini, kwa hiyo inafaa kuwe na nusu saa kati ya mswaki na kusukutua. Jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya kasha, chini kabisa, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu huzisoma kwa miwani. Lingefaa liandikwe ubavuni mwa chupa kwa herufi kubwa, kwa kuwa mnunuzi anayelikosa anatupa fedha zake kwenye sinki.

Jambo la pili sikulitarajia kabisa. Siku ya nne ya kutumia dawa hiyo niliunga samaki kwa nazi, nikaonja mchuzi, nikaona hauna ladha, nikaongeza chumvi, nikaonja tena, nikaongeza tena. Mezani mume wangu alikunywa maji bilauri mbili bila kusema neno, na mwanangu ndiye aliyesema, "Mama, leo chumvi imekuponyoka." Nilipouliza famasi nikaelezwa kwamba klorheksidini hubadilisha ladha kwa muda, na ladha ya chumvi ndiyo inayoathirika zaidi. Ladha hurejea yenyewe ukiacha dawa, nayo ilirejea, lakini kwa mwenye shinikizo la damu anayejipikia hili si jambo dogo: pima chumvi kwa kijiko siku hizo, usipime kwa ulimi. Tatu ni madoa. Kufikia mwisho wa wiki ya pili meno yangu ya mbele chini yalikuwa na rangi ya kahawia na ulimi umefifia kama uliopakwa majivu, hasa kwa sababu sikuacha chai ya rangi. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki vizuri, yalisuguliwa kliniki.

Pamoja na hayo ninaipa dawa hii heshima yake. Nilipokuwa na vidonda vilivyochimbika, vitatu kwa wakati mmoja na harufu mbaya kinywani, ilivisafisha na siku za maumivu zikawa chache kuliko kawaida yangu. Kwa vipele vyekundu vya ncha ya ulimi haikuleta tofauti yoyote niliyoiona, na ile aina yenye alkoholi iliviwasha zaidi. Ukiinunua, tafuta isiyo na alkoholi, itumie kwa wiki moja au mbili za ugonjwa na uiache, wala usimpe mtoto asiyejua kutema. Na yeyote aliyewahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya kutumia dawa yenye klorheksidini, hata ya kusafishia ngozi, asiiguse tena, kwa kuwa mzio wake ni nadra lakini unaweza kuwa wa hatari.

Hatimaye nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikaenda kliniki ya kinywa na meno ya serikali. Nilifika saa moja asubuhi, nikaingia kwa daktari saa nne na nusu, na kwa aibu lazima niseme kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimejipaka GV iliyobaki kabatini, kwa kuwa maumivu ya usiku yalinishinda. Daktari alinitaka nitoe ulimi, akaumulika, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, umeniletea ulimi uliofunikwa. Siwezi kujua kama hapa ni pekundu, peupe au peusi." Rangi ya kidonda, mipaka yake na utando ulio juu yake ndivyo vitu vya kwanza ambavyo daktari huvitafuta, nami nilikuwa nimevizika vyote chini ya zambarau. Alinipa siku nyingine. Hiyo ndiyo hasara ya GV niliyoitaja, na kwa kuwa nilipoteza siku ya kazi kwa ajili yake, ninaiona kubwa kuliko blauzi iliyoharibika.

Niliporudi, uchunguzi ulichukua kama dakika kumi na tano, na ndiyo huduma bora niliyoipata katika habari hii yote. Daktari aliushika ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta taratibu upande huu na upande ule, akaangalia kandokando na chini yake, akabonyeza kwa kidole chenye glavu kutafuta sehemu ngumu, akapapasa chini ya taya na shingoni. Aliuliza kama ninavuta sigara au kutafuna tambuu, kama nina pumu au kisukari, dawa ninazotumia, na kama vidonda huja sehemu nyingine za mwili. Kisha akapitisha kioo kidogo nyuma ya meno ya chini kulia, akagundua jino lililobanduka kipande na kuacha ukingo mkali kama ganda la chaza. Ukingo huo ulikuwa unaukwaruza ulimi wangu pale palepale ambapo vipele vya ubavuni vilikuwa vikirudi kila mwezi. Aliulainisha kwa mashine kwa muda usiofika dakika tano, bila ganzi. Tangu siku hiyo, na sasa imepita miezi minane, upande huo wa ulimi haujatoa kipele hata kimoja. Miaka miwili ya tyubu na chupa, na kilichohitajika kilikuwa mtu wa kutazama.

Kwa vile vidonda vilivyochimbika alinituma nikapime damu, na wekundu wa damu ukaonekana uko chini kwa upungufu wa chuma. Nilipewa vidonge vya chuma vya miezi mitatu na kuelekezwa nisivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Hapo nikauliza kuhusu machungwa, nikitarajia kuambiwa niyaache. Akanieleza kwamba vitamini C iliyomo ndani yake ndiyo inayousaidia mwili kukifyonza chuma hicho, kwa hiyo nisiyaache, bali nikipata kidonda niyakamue na kunywa maji yake kwa mrija baada ya kuyazimua, na nikiwa mzima nisile matano kwa mkupuo. Sijui mfanyakazi gani wa dukani angeweza kunipa ushauri huo kwa kunitazama juu ya kaunta.

Cheti chake kiliandikwa pia malhamu ya kinywa yenye triamsinoloni ya asilimia 0.1, tyubu ya gramu 5 niliyoipata famasi kwa shilingi 12,000 baada ya kuikosa katika maduka mawili ya dawa muhimu. Hii ni steroidi iliyochanganywa na kitu kinachonata ili ishike kwenye utando wenye unyevu, na namna ya kuitumia ndiyo nusu ya ufanisi wake. Inapakwa baada ya kula na kupiga mswaki, hasa wakati wa kulala. Unakausha kidonda kwa pamba, unachukua kiasi kisichozidi punje ya mchele, unakibonyeza juu ya kidonda mpaka kifanye ngozi nyembamba yenye kuteleza. Usisugue, ukisugua inakatikakatika na kuwa kama mchanga mdomoni, na ndivyo nilivyofanya usiku wa kwanza nikadhani nimeuziwa dawa mbovu. Nilipoipaka sawasawa kwenye kidonda kilichoanza siku hiyohiyo, asubuhi niliweza kunywa uji bila kukunja uso, na kidonda ambacho kwa kawaida kingenichukua siku kumi kilikuwa kimefunga siku ya tano. Kwa kidonda cha ndani ya mdomo wa chini na cha ubavuni mwa ulimi, hii ndiyo dawa bora kuliko zote nilizolipia. Kwenye ncha haikai, kwa sababu ncha haitulii. Na kwa mtu mwenye fangasi au malengelenge ya virusi ni dawa ya kuepukwa, kwa kuwa steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupambana navyo. Ndiyo sababu sipendi inapouzwa bila mtu kuangaliwa. Wiki moja ikipita bila nafuu, rudi kwa aliyekuandikia.

Kuhusu fangasi sina uzoefu wangu mwenyewe, ila mwanangu alipokuwa mchanga alitibiwa kwa nistatini ya matone, mara nne kwa siku, nayo ilimsafisha. Jeli ya mikonazoli hutumika pia kwa watu wazima, lakini anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiitumie bila daktari, kwa kuwa zikikutana damu inaweza kutoka isizuilike.

Maji ya chumvi nimeyaweka hapa kwa kuwa ndiyo niliyobaki nayo kwa vile vipele vidogo vya ncha. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, kusukutua na kutema, mara tatu au nne kwa siku. Yanawasha mwanzoni kama kuna mchubuko, kisha yanatuliza. Ninayasaidia kwa kipande cha barafu ninachokiacha kiyeyuke juu ya kipele kabla ya kipindi cha kwanza, kwa kunywa chai ikiwa imepoa, na kwa kuacha pilipili, achari na embe bichi mpaka kiondoke. Nimebadilisha pia dawa ya meno na kuchukua isiyo na sodiamu laurili salfeti, yaani ile sabuni ya povu, kwa sababu kwa baadhi ya watu huchochea vidonda. Vidonda vyangu vimepungua, ingawa siwezi kutenganisha kazi ya dawa ya meno na kazi ya vidonge vya chuma, na kuipata kwenye maduka yetu kunahitaji kusoma makasha mengi.

Kuna jirani yangu, mama mtu mzima ambaye sote mtaani tunampa shikamoo, anayetafuna tambuu yenye popoo na tumbaku tangu ujana wake. Aliposikia habari zangu za GV aliniambia kwamba yeye pia anapaka, amekuwa akipaka kidonda cha ubavuni mwa ulimi kwa zaidi ya miezi miwili, na kwamba hakimuumi sana. Nilishtuka kwa yale maneno ya mwisho kuliko yote. Kidonda au uvimbe wa ulimi unaopita wiki tatu bila kupona lazima uonwe na daktari hata kama hauumi, na vivyo hivyo sehemu ngumu ukiigusa, baka jeupe au jekundu lisilofutika, damu isiyo na sababu, ganzi, shida ya kumeza, au tezi shingoni. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, ilitangazwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na wengi wetu wa pwani tumeizoea kama kiburudisho cha wazee. Nilimsindikiza kliniki, safari hii bila GV mdomoni. Kilikatwa kipande kidogo kikapelekwa kupimwa, na jibu lilipokuja halikuwa saratani, bali mabadiliko ya utando ambayo yanataka aache tambuu na aangaliwe kila baada ya miezi mitatu. Kuacha kunamuwia vigumu, naye hafichi.

Ulimi ukivimba wote kwa ghafla, au mtu akishindwa kuvuta pumzi, hapo si suala la duka la dawa wala la foleni ya asubuhi. Apelekwe hospitali saa ileile.

Kabatini mwangu sasa kuna paketi ya chumvi, tyubu ya triamsinoloni ambayo muda wake wa matumizi nimeuandika kwa kalamu juu ya kasha, na nusu chupa ya klorheksidini kwa ajili ya wiki mbaya. Jeli nimeiweka juu, mbali na mikono ya anayelea mtoto. Nikiulizwa na mzazi mwenzangu shilingi 12,000 za kwanza azitumie wapi, namwambia azifanye nauli na ada ya kumwona daktari wa kinywa na meno, aende asubuhi na ulimi wake kama ulivyo, na kama ana jino lililobanduka amwonyeshe hilo kwanza.